Viraka vya Ajuza

Chumba cha mashine ya mionzi
Jumanne, 4 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Dereva wa ambulansi ameapa kwamba anaondoka saa tatu kamili na hamsubiri mtu, kwa hiyo salamu nyingine utajijazia mwenyewe. Nyumbani wote wazima. Tumeambiwa huko bondeni simu za mkononi hazishiki, na ile ya ofisini haivuki meza ya karani. Basi imebaki karatasi, kama enzi zenu.

Jambo lenyewe ni hili: tumevamiwa. Alhamisi iliyopita karani wa mapokezi alifungua barua pepe asiyoijua, na kompyuta zote za mapokezi zikajifunga moja baada ya nyingine. Kufikia adhuhuri, maabara na duka la dawa navyo vimelala. Majina ya wagonjwa hayafunguki. Watu wanaandika kwenye madaftari na kupigana vikumbo kwenye korido.

Ajuza hajaguswa. (Kama barua hii itasomwa na muuguzi: Ajuza ni kompyuta inayoendesha mashine yetu ya kuwachoma mionzi wagonjwa wa saratani. Mfumo endeshi wake ni wa zamani mno, waliouunda waliacha kuutunza miaka tisa iliyopita. Baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa akiufanya uishi kwa viraka, vipande vya programu vya kuziba matundu yake, mpaka kifua kikuu kilipomlaza huko kwenu, na mimi ndiye niliyeachiwa funguo.) Hajaguswa kwa sababu hujawahi kumruhusu aingie kwenye mtandao. Lakini mipango ya wagonjwa bado tunaileta kwa flashi kutoka kompyuta za madaktari, na kila nikiichomeka naogopa tutawaingiza wavamizi sisi wenyewe.

Jana Mkurugenzi aliteremka huku chini mwenyewe. Anataka Ajuza aunganishwe kwenye mtandao mpya “ili alindwe kama wengine.” Nikamwambia naomba kwanza nikuulize wewe. Akasema, “Baba yako mdogo anaumwa. Haendeshi idara kutoka kitandani.” Amenipa mpaka Jumatatu.

Halafu daftari lako. Ukurasa wa arobaini na moja umeandika: “Kiraka cha Februari bado.” Bado hakijawekwa, au bado hakifai? Neno moja tu, Baba mdogo, na wagonjwa thelathini na wanne wananing'inia juu yake.

Mama mdogo anakusalimu sana.

Binti yako,
Maswali
(jina mlinipa wenyewe, nivumilieni)


Wodi ya kutengwa, bondeni
Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Mimi sijambo. Tuko wanane, madirisha wazi muda wote, barakoa usoni kama wezi wa kuku. Kila barua inayotoka hapa muuguzi anaianika juani kwanza, kwa hiyo ukiona wino umefifia usidhani nimeishiwa nguvu. Nakula, nalala, napata nafuu.

Mkurugenzi mwambie hapana. Ukiona haya kusema hapana, sema ni mimi niliyesema. Waya wa mtandao ni mlango. Mlango ambao haupo hauhitaji kufuli. Yeye anataka kutoboa ukuta halafu ndipo atafute seremala.

Kiraka cha Februari ni cha kuweka. Kimo kwenye diski ya buluu, droo ya chini. Kinaziba tundu lile lile ambalo hao wavamizi huingilia kupitia flashi. Kimetoka kwa wale wenzangu niliokusimulia, watu waliotawanyika duniani ambao hatujaonana uso kwa uso: mmoja ana mtambo wa kuchapa vitabu, mmoja anaongoza treni, mmoja ana chombo cha kupimia mvua. Kila mmoja ana ajuza wake asiyeweza kumtupa, basi tunashonea pamoja.

Fanya hivi. Kwanza nakili diski yote ya Ajuza, uifungie kabatini. Kisha weka kiraka kwa Pacha, ile kompyuta ya akiba inayofanana naye. Mwache Pacha afanye kazi siku mbili. Asipolalamika, Jumapili weka kwa Ajuza. Jambo moja kwa wakati mmoja, na kila jambo liandike. Jumatatu asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajalala kitandani, piga mionzi kwenye kisanduku cha kupimia kama kila siku. Namba ikiwa sawa, endelea.

Mama yako mdogo mbona haandiki? Mwambie cherehani haitakimbia. Mistari miwili inatosha.

Baba yako mdogo


Ijumaa, 14 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Kiraka kimekaa.

Mkurugenzi alikuja Jumatatu na kijana wa kampuni ya mtandao, waya mrefu begani. Nikasimama mlangoni.

“Sogea, binti.”

“Sisogei. Waya huo ukiingia humu, andika kwa mkono wako kwamba lolote litakalompata mgonjwa ni juu yako.”

Alinitazama kama ninayemwomba figo. Lakini kalamu hakuitoa. Amesema tutaonana kwenye kikao cha mwisho wa mwezi.

Nilinakili diski kama ulivyosema. Pacha hakulalamika. Jumapili nikamvika Ajuza kiraka, Jumatatu kisanduku kikasoma sawasawa, na tangu siku hiyo wagonjwa wanapita bila kukatika. Nilijisikia fundi, Baba mdogo. Nilitamani ungekuwepo unione.

Sasa jana umeme ulikatika, Pacha akazima. Nilipomwasha, akafungua dirisha ambalo sijawahi kuliona. Programu inaitwa Mhakiki. Ikaanza kusoma majedwali ya vipimo vya mionzi moja baada ya jingine na kuandika: sawa, sawa, sawa. Ilipofika jedwali la saba ikaandika: HAILINGANI. Ikasimama.

Nikaenda kwa Ajuza kuitafuta. Ipo, lakini imezimwa. Imezimwa tarehe 11 Juni, mwaka juzi. Kwenye daftari siku hiyo umeandika “usafi wa kawaida.”

Jedwali la saba ni la nini? Na nani alimzima Mhakiki?

Mama mdogo mzima, ana tenda ya sare za shule, mikono haishiki kalamu. Anakusalimu.

Maswali


Bondeni
Ijumaa, 14 Machi

Maswali,

Naandika dereva akiwa mlangoni. Usimwashe Mhakiki kwa Ajuza, ukimwasha mashine itagoma kabisa. Mhakiki ni mwoga, hupiga kelele bure. Achana naye.

Niambie tu: kwenye orodha ya sasa kuna wagonjwa wangapi wa kabari nene? Lile bamba la chuma tunaloliweka mbele ya mionzi. Nene, si nyembamba. Nijibu Jumanne.

Usimsumbue daktari kwa hili.

Baba yako mdogo


(Kikaratasi kilichochomekwa kwenye mlango wa chumba cha mashine)
Jumatatu, 17 Machi

Maswali mwanangu,

Nimekukuta umeinama juu ya hizo kompyuta zako, sikutaka kukushtua. Leo ilikuwa siku yangu ya kumi na nne ya mionzi, zimebaki kumi na moja.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo silielewi. Ngozi chini ya titi na kwapani ilikuwa nyekundu kidogo tu, kama walivyonionya. Wiki hii imeharibika ghafla. Jana imepasuka. Yule mwalimu mstaafu ninayekaa naye benchi, na yeye hivyo hivyo, wiki hii hii. Muuguzi anasema ni kawaida, tupake mafuta. Mwanangu, nimepiga pasi miaka thelathini. Moto ukizidi, kitambaa kinakuambia kabla hujanusa moshi.

Labda ni mimi tu na woga wangu. Iangalie.

Na ahadi yako ni ile ile. Baba yako mdogo asijue kwamba nimo kwenye orodha yenu. Akijua atatoroka huko, na hicho kifua kitamuua kabla hili langu halijaniua mimi.

Mama yako mdogo


Jumanne, 18 Machi
saa mbili asubuhi

Baba mdogo,

Shikamoo, ingawa leo inatoka kwa shida.

Umeuliza wagonjwa wa kabari nene. Ni sita. Wote wanatibiwa titi. Wawili kati yao ngozi imepasuka ndani ya wiki moja, na wiki yenyewe ni hii iliyofuata kiraka.

Nimekaa na barua yako ya Ijumaa tangu iliponifikia. Uliniuliza kabari nene na mimi nilikuwa nimekuuliza jedwali la saba. Sikuwa nimekutajia kabari yoyote. Kwa hiyo unajua. Unajua jedwali la saba ni la nini, na unajua linaweza kuwa na kasoro, na umeniambia nisimsumbue daktari.

Kisanduku cha asubuhi kinapima mionzi iliyonyooka tu. Nimesoma kitabu cha mashine usiku na mchana, nimeelewa. Hakipimi kabari hata moja. Ukaniambia namba ikiwa sawa niendelee, nami nikaendelea.

Leo asubuhi nimemdanganya daktari. Nimemwambia droo ya kabari imekwama na hao sita wasubiri. Amenipa mpaka kesho, kwa sababu uvimbe hauendi likizo. Sijawahi kumdanganya mtu usoni namna hiyo.

Nani alimzima Mhakiki, na kwa nini? Dereva nimemwambia asirudi bila jibu lako.

Maswali


Bondeni
Jumanne, 18 Machi

Mwanangu,

Ni mimi.

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, niliweka kiraka na Mhakiki akakataa kuiwasha mashine. Alisema jedwali la saba limebadilika. Asubuhi hiyo kulikuwa na watu ishirini na nane kwenye benchi, wengine wamesafiri siku mbili. Nilijua nikimwambia daktari, mashine itafungwa mpaka aje mtaalamu wa vipimo, naye alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi. Na nilijua Mkurugenzi anasubiri sababu tu ya kusema mzee na ajuza wake wote wastaafu. Basi nikamzima Mhakiki. Nikatia mashine kazini kwa mionzi iliyonyooka, wa kabari nikawaambia warudi kesho, na jioni nikapima kabari zote kwa mkono, kwa tangi la maji. Zilikuwa sawa. Mhakiki alikuwa amepiga kelele bure.

Tangu hapo kila nikiweka kiraka na kumwasha Pacha upya, Mhakiki wake hulia, nami huja Jumapili nikapima kwa mkono peke yangu. Mara sita. Mara zote sita ilikuwa sawa. Mtu akidanganywa na mbwa mara sita, ya saba hainuki kitandani.

Nilipokuandikia uweke kiraka, nilisahau kwamba hujui kuhusu tangi. Hapana. Ngoja niandike ukweli, kwa sababu umeniuliza kama mtu mzima. Sikusahau. Nilianza kuliandika nikalifuta. Nilijiambia mara sita haikuwa kitu, haitakuwa kitu. Kukuambia upime kabari kungekuwa kukuambia kwa nini.

Sasa sikiliza. Leo jioni watu wakiondoka, toa tangi kwenye stoo, jaza maji ya bomba, weka kabari nene, upige. Maelekezo nimeyachora nyuma ya karatasi hii. Pima kimya kimya. Ikiwa sawa, hakuna aliyedhurika, na hakuna haja ya mtu kujua. Ikiwa si sawa, rudisha ile nakala ya kabatini, Ajuza atarudi alivyokuwa, na hao sita wataendelea vizuri. Ngozi hupona. Nikitoka hapa nitamwambia daktari mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nakuomba kama baba.

Hii karatasi ichome.

Baba yako mdogo


Ijumaa, 21 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo.

Sikupima kimya kimya.

Barua yako ilinifikia Jumanne saa kumi jioni. Niliisoma nimesimama kwenye korido, nikaisoma tena, kisha nikapanda ngazi mpaka kwa daktari wa mionzi. Nilimpa yote, mbele na nyuma. Alisoma mara mbili pale ulipoandika kimya kimya. Kisha akauliza, “Na droo ya kabari?”

“Haikukwama, daktari. Nilikudanganya.”

“Kuna kingine?”

“Hakuna kingine.”

Akainua simu na kufunga mashine. Kwa wote thelathini na wanne, si kwa sita tu. Mtaalamu wa vipimo akaja Jumatano alfajiri kutoka hospitali nyingine, nasi tukashinda tumelowa mpaka viwiko. Mionzi iliyonyooka: sawa. Kabari nyembamba: sawa. Kabari nene alipima mara tatu, mara ya tatu akavua miwani. Imezidi karibu theluthi moja.

Sababu ni ndogo mpaka inatia hasira. Aliyeandika jedwali la saba zamani hizo alitumia mkato mahali pa nukta. Viraka vyote vilivyotangulia vilimsamehe. Hiki cha Februari hakikumsamehe: moja nukta tatu ikasomwa moja tupu, na kwa kuwa muda hugawanywa kwa namba hiyo, mionzi ikakaa juu ya mtu kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Siku sita za tiba, Jumatatu mpaka Jumatatu. Kwa watu sita.

Jana daktari aliwaita wote sita kwenye chumba kimoja na kuwaambia, bila kuzungukazunguka. Aliniambia nami nikae pale. Mmoja alilia. Mmoja aliuliza kama atakufa kwa hili, daktari akasema hapana. Wa tatu aliuliza nani aliyejua. Nikasema, “Mimi nilihisi tangu Ijumaa na nikangoja mpaka Jumanne.” Hilo nilitaka lisemwe na mdomo wangu.

Daktari amepiga hesabu upya. Siku zilizobaki zitapunguzwa kipimo ili jumla irudi karibu na pale ilipotakiwa. Watano anaamini watatulia. Mwalimu mstaafu, pafu lake liko karibu na lile eneo, atafuatiliwa kwa miezi. Hatujui bado.

Nimeondoa kiraka, nimerudisha nakala, nimerekebisha mkato, Mhakiki amewashwa na majedwali yote tumeyapima. Jumatatu Ajuza anarudi kazini. Wenzako wa viraka nimewaandikia pia. Yule wa mvua amejibu ndani ya saa moja: na yeye ana mkato kwenye faili zake, na namba zake za mwezi huu zote ni za uongo.

Mkurugenzi amechukua daftari. Kamati itakaa. Barua yako imo kwenye faili, na barua zangu nimeziandika upya kwa kumbukumbu nikazitoa. Mimi nimepewa onyo la maandishi. Wewe sijui watakupa nini. Uliniomba kama baba, nami nimekataa kama mtoto ambaye wewe mwenyewe ulimfundisha kuandika kila jambo. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ningefanya hivyo hivyo tena.

Mmoja wa wale sita amesema atakuandikia mwenyewe. Bahasha yake imo humu ndani. Sijaifungua.

Maswali


Nyumbani
Ijumaa, 21 Machi

Mume wangu,

Kaa kitako kwanza.

Mimi ni mmoja wa wale sita.

Uvimbe niliugusa Desemba, nikioga. Wakati huo wewe ulikuwa unakohoa kwenye taulo na kuniambia ni vumbi la stoo. Nilipiga hesabu: nikisema langu, wewe hutakwenda kutibiwa lako. Nikanyamaza mpaka ambulansi ilipokuchukua, wiki iliyofuata wakanikata, na mwisho wa Februari nikaanza mionzi. Maswali nilimfunga kwa ahadi. Usimlaumu, mtoto amekonda kwa ajili yetu sote wawili.

Hali yangu ni hii. Jeraha liko chini ya titi la kushoto mpaka kwapani, upana wa kiganja changu. Linatoa maji. Silali upande huo, na mkono wa kushoto hauwezi kusukuma kitambaa, kwa hiyo sare za shule nimewarudishia wenyewe. Daktari anasema litafunga kwa wiki tano au sita. Saratani yenyewe bado wanaona imeshikwa vizuri. Nimekuandikia kama ilivyo, sijaongeza wala kupunguza.

Nimekukasirikia siku mbili. Si kwa kuungua. Mashine huharibika, na mimi mwenyewe nimewahi kuchoma gauni la bibi harusi asubuhi ya harusi. Nimekasirika kwa zile Jumapili sita alizonisimulia Maswali. Uliniambia unakwenda kuangalia mpira. Ukirudi nikakuuliza nani kashinda, ukanitajia mpaka magoli! Ulikuwa umetoka kwenye tangi la maji, peke yako, na hofu yote hiyo tumboni, ukaja ukakaa kwenye kochi langu ukanitungia magoli.

Halafu nikakumbuka nami ninakuandikia kupitia kwa Maswali kwamba nashona sare. Nikaona hatuna cha kuchekana.

Jana baada ya kikao, mwalimu mstaafu aliniuliza kwenye benchi kama namfahamu huyo fundi. Nikasema, “Namfahamu, ni mume wangu.” Alikuwa ameshika mkono wangu. Akauachia taratibu, akahamia benchi la pili. Nilitaka ujue na hilo.

Sasa niandikie. Usianze na msamaha. Anza na kifua chako. Barua zote umesema unapata nafuu, na mimi nimelala pembeni yako miaka ishirini na sita, najua unavyosema nafuu.

Mkeo


Bondeni
Jumanne, 25 Machi

Mke wangu,

Barua ya Maswali niliisoma kwanza. Nilikasirika nikaikunja vibaya, nikasema mbele ya wodi nzima kwamba nimefuga nyoka. Kisha nikafungua yako.

Sikumbuki nilivyotoka kitandani. Nilikuwa na kandambili na barakoa. Nilifika mpaka getini. Dereva alikuwa hajawasha gari, nikashika mlango wa mbele. Akaniambia, “Mzee, ukiingia humu utamfikia mkeo, na hicho kikohozi pia kitamfikia. Ana jeraha wazi. Unataka kumwongezea?” Nilirudi kwa miguu yangu mwenyewe, muuguzi akitembea nyuma yangu.

Kifua changu. Makohozi ya Januari yalikuwa na vijidudu. Ya Februari yalikuwa navyo. Ya wiki iliyopita bado yanavyo. Dawa za kwanza hazikufua dafu, wamenibadilishia, na za sasa zinanipa kizunguzungu na sikio la kulia limeanza kupiga kelele. Nimepungua kilo kumi na moja. Sitoki Juni kama nilivyokuambia. Wanasema miezi tisa, na hiyo ni kama zitashika. Sijaongeza wala kupunguza.

Kamati nimeiandikia leo, kurasa nne. Nimetaja Jumapili zote sita kwa tarehe. Nimeandika kwamba nilizima Mhakiki mwenyewe, nikaficha mwenyewe, na kwamba nilimwagiza mtoto achome ushahidi naye akakataa. Nimeandika pia kwamba sistahili tena kuigusa mashine ile, kabla wao hawajaniandikia. Nilidhani mkono utakataa. Haukukataa.

Kwa mwalimu nimeandika karatasi moja, imo humu. Hakuna utetezi ndani yake. Mpe ukiona yuko tayari kupokea. Asipotaka, usimlazimishe, na benchi la pili mwachie.

Maswali mwambie hivi, kwa sababu nikimwandikia mimi nitaharibu: nilimwomba apime kimya kimya, arudishe nakala, afunge mdomo. Angenitii, daktari asingepiga hesabu upya. Siku zako zilizobaki wangekuchoma kwa kipimo kamili juu ya ngozi iliyokwisha ungua, na mimi ningekuwa hapa nakula uji nikimsifu kwa utii wake. Kila nikifika hapo kwenye mawazo naamka kukaa. Mwambie baba yake mdogo amesema alifanya kazi ya fundi.

Nimeanza kuandika usije, safari ni ndefu na mkono wako unauma. Nimelifuta hilo. Daktari wa hapa anasema mgeni anaweza kukaa nje ya dirisha, upande upepo unakotokea, hatua tano kutoka ukutani. Dereva ana nafasi moja mbele na amesema ataendesha polepole.

Njoo Jumanne. Hata kama ni kuja kunitukana, njoo unitukane nikikuona.

Mumeo